Barua ya wazi kwa TAMISEMI na wakurugenzi wa halmashauri: hesabu tunazozijibia bila kuzisoma

Ndugu Katibu Mkuu, Ofisi ya Rais – TAMISEMI,
Ndugu Wakurugenzi Watendaji wa halmashauri zote 184,

YAH: HESABU TUNAZOZIJIBIA BILA KUZISOMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeanza hivyo kwa mazoea tu, maana katika utumishi wangu sijawahi kuandika barua ya kikazi isiyo na sentensi hiyo. Kuanzia hapa naomba niandike kama mtu anayeongea.

Mimi ni tabibu. Nimekuwa mganga mfawidhi wa zahanati, baadaye wa kituo cha afya, na sasa nipo makao makuu ya halmashauri, ambako mara kwa mara hukaimu ukuu wa divisheni. Uhasibu sikuusomea. Halmashauri yangu siitaji, kwa sababu ninayoyaeleza nimeyasikia pia kwa wenzangu wa elimu, kilimo na maendeleo ya jamii, katika mikoa ambayo haipakani hata na wetu.

Kilichonisukuma kuandika ni kikao kimoja cha Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Kitabu cha hesabu za mwaka kilikuwa mezani, kurasa zaidi ya mia, Kiingereza kitupu. Diwani mmoja, mzee mwenye duka la pembejeo, alifunua ukurasa aliokuwa ameukunja pembeni, akaweka kidole. "Hapa nimeambiwa ndiyo ziada ya mwaka. Ni mabilioni. Sasa mganga, kama tumebakiwa na mabilioni, zahanati ya kata yangu inakosaje paa?"

Mweka hazina alikuwa nje anapokea simu ya mkoa. Macho yote yakanigeukia. Nikajibu, "Mheshimiwa, nitalifuatilia." Jibu hilo nimekuja kuliona kwenye muhtasari, limeandikwa kama lilivyo, jina langu pembeni.

Jioni yake nilimfuata mhasibu mmoja kijana, nikamnunulia chai na chapati mbili, akanieleza. Alitumia dakika ishirini. Nami nilikuwa nimekaa kwenye vikao vya kupitisha hesabu hizo kwa miaka.

Alinipa mfano wa kituo cha afya cha milioni 500, kiasi ambacho wengi wetu tuliopokea fedha za ujenzi tunakijua. Fedha hiyo ikiingia, na masharti iliyokuja nayo yakitimizwa, inaandikwa mapato ya halmashauri. Ikitoka kwenda kwa fundi na kwa muuza nondo haiandikwi matumizi, kwa sababu haijaliwa. Imegeuka jengo, na jengo linaandikwa kwenye mali. Kwa hiyo kwenye taarifa ya mapato na matumizi upande mmoja una milioni 500, upande wa pili hauna kitu, na tofauti yake ndiyo inayoitwa ziada. Fedha yenyewe imeshakuwa matofali na bati kwenye kata nyingine. Mzee wangu alikuwa anaomba paa la zahanati yake lijengwe kwa paa la kituo cha afya cha jirani.

Na mwaka unaofuata mambo yanaweza kugeuka. Jengo linaanza kuhesabiwa uchakavu, kila mwaka kipande cha thamani yake kinaandikwa matumizi ingawa hakuna senti iliyotoka benki. Halmashauri isiyoiba wala kufuja inaweza kuonyesha nakisi, na kwenye baraza mtu akasimama kudai wahusika wachukuliwe hatua.

Ndugu zangu, sisi tunaoongoza shule, vituo na divisheni ndio tunaoulizwa maswali haya. Tunaulizwa na madiwani, na kamati ya kituo, na mwenyekiti wa kijiji aliyesimamia uchangishaji wa mchanga. Tangu fedha zilipoanza kushuka moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, mwaka wa fedha 2017/18, mganga mfawidhi na mwalimu mkuu wamekuwa wasimamizi wa fedha kwa vitendo. Tuna akaunti, tunasaini, tunaingiza taarifa kwenye FFARS, mfumo wa kompyuta wa uhasibu na taarifa za fedha za vituo. Lakini kile kitabu kinachotokana na hayo yote, kinachokwenda kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu (CAG) ifikapo tarehe 30 Septemba, hatukioni mpaka hoja ya ukaguzi irudi.

Najua atakayesema kila mtu na fani yake. Mhasibu hanifundishi kushona kidonda, na mimi nisimfundishe kufunga hesabu. Sawa kabisa. Ila fungueni kurasa za mwanzo za kitabu hicho. Kuna tamko la wajibu, na sahihi iliyo chini yake si ya mweka hazina peke yake. Ni yako, Ndugu Mkurugenzi, wewe afisa masuuli, mwenye kuwajibika kwa fedha zote za halmashauri. Na wengi wenu mlitokea ualimu, sheria, kilimo, mipango. Mkisema hesabu ni za wahasibu, mnajisemea na nyinyi.

Tena kuna jambo ambalo yule kijana wa chapati alinionyesha bila kukusudia. Nilimuuliza tarakimu moja ya dawa ilitoka wapi. Akaniangalia kwa mshangao, akasema, "Kwako, daktari." Akafungua nyingine, ya madeni ya wazabuni. "Kwenu." Nyingine, ya samani na vifaa. "Kwenu tena." Mhasibu anapanga na kujumlisha. Namba zenyewe zinazaliwa bohari, wodini, darasani, kwenye shamba la mfano, na anayezizaa ni mtu ambaye hajaambiwa zitakwenda wapi.

Nikiri moja. Juni ya mwaka mmoja, nikiwa kituo cha afya, mzabuni alitushushia magodoro na mashuka. Fedha kwenye kifungu zilikuwa zimeisha. Nikapokea mzigo, nikaingiza kwenye leja ya bohari, ankara nikaitia kwenye droo ili isubiri Julai, bajeti mpya ikifunguka. Nilijiona mtu wa busara. Kumbe kwa viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma tunavyofuata, hivyo vinavyoitwa IPSAS, deni linaanza siku mzigo unaposhushwa na kupokelewa. Halingoji ankara ilipwe, wala halijali kifungu kimekauka. Droo yangu ilikuwa imeficha deni la kituo, na magodoro ambayo wagonjwa walishayalalia hayakuonekana kokote kwenye hesabu za mwaka ule. Makosa mawili kwa ankara moja. Miezi baadaye mkaguzi alilinganisha tarehe ya leja na tarehe ya vocha, hoja ikaandikwa, na aliyehangaika kuijibu ni mhasibu. Mimi nilinyamaza.

Nina hakika droo za namna hiyo zipo nyingi, na wenye droo si wezi. Tumelelewa kwenye hesabu za fedha taslimu: kilichotoka benki ndicho kimetumika, ambacho hakijatoka hakipo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia halmashauri inatumia mfumo wa stahiki, yaani kuandika jambo linapotokea hata kama fedha haijatembea, ataitikia kwa kichwa na ataendelea kuhesabu kwa njia ya mama yake anayeuza vitumbua.

Dawa ndipo pagumu zaidi, na hapa naomba nikae kidogo maana ndipo ninapopajua. Tarehe 30 Juni tunahesabu bohari. Anayehesabu kwa kawaida ni nesi aliyemaliza zamu, saa kumi na mbili jioni, tochi ya simu mkononi. Anahesabu maboksi. Boksi la ALu, dawa ya malaria, lililoisha muda wake Aprili analihesabu sawa na la jana, kwa sababu hajaambiwa kwamba kinachotafutwa ni thamani, na dawa iliyoisha muda haina thamani hata kama plasta ya boksi haijachanwa. Karatasi inapanda halmashauri, inajumlishwa na za vituo vingine, na hesabu za taifa zinapata dawa ambazo mgonjwa hawezi kupewa. Kuziteketeza kuna taratibu zake na huchukua muda, hilo tunalijua. Kuzitenga kwenye karatasi ya kuhesabia kunahitaji mstari mmoja tu wa kalamu.

Halafu kuna fedha tunazotanguliza Bohari ya Dawa, ile ya taifa inayotuuzia dawa. Miaka yote nilidhani zikishatoka kwenye akaunti yetu zimetumika, nikazisemea hivyo hata kwenye kamati ya kituo. Dawa zisipoletwa, salio lililobaki kule ni mali yetu, tunadai, na linatakiwa kuonekana. Mganga anayelijua hilo ataomba taarifa ya salio kabla mwaka haujafungwa. Asiyelijua atalalamika kwamba serikali haileti dawa, wakati fedha yake imelala na hajaiulizia.

Vifaa vya msaada navyo. Mradi unakuja, unaacha jokofu la chanjo, pikipiki, darubini, picha zinapigwa, mradi unaondoka. Kifaa kinafanya kazi miaka sita bila kuingia kwenye rejesta ya mali ya halmashauri kwa sababu hakikununuliwa, na sisi tunafikiri rejesta ni ya vilivyonunuliwa. Kilichotolewa bure nacho kinaandikwa, kwa thamani yake ya haki, yaani bei ambayo kingeuzwa sokoni, siku kilipopokelewa. Hata matofali, mawe na mchanga wa wananchi kwenye yale maboma yetu, majengo yaliyoanzishwa na wananchi, ni vitu vilivyopokelewa na vina thamani. Vibarua vya kujitolea ndivyo ambavyo viwango vinaruhusu visihesabiwe. Mtendaji wa kijiji mwenye daftari la kuonyesha trip ngapi za mchanga zililetwa anashika ushahidi wa hesabu za serikali. Hajui, na daftari lake limelowa mvua.

Upande wa elimu niwaachie wenye elimu. Ila nimewahi kuona madai ya fedha za likizo na uhamisho wa walimu yakiwa kwenye mafaili matatu tofauti, kila faili na jumla yake.

Kuna ukurasa mmoja ambao ningependa kila mkuu wa divisheni aufahamu kabla ya mingine yote: ule unaolinganisha bajeti na matumizi halisi. Una bajeti ya mwanzo, bajeti ya mwisho baada ya marekebisho, na kilichotokea kweli. Mtu yeyote aliyewahi kuandaa bajeti ya harusi anaweza kuusoma. Tofauti zikiwa kubwa lazima zielezwe, na hapo ndipo ninapoumia. Maelezo yanaandikwa na ofisi ya mweka hazina usiku wa Septemba: "fedha zilichelewa kupokelewa". Kila mwaka ni hiyo hiyo. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mwaka mmoja fedha zetu za chanjo zilibaki kwa sababu barabara ya tarafa mbili ilikatika na magari hayakupita kwa wiki saba, na hakuna aliyetuuliza. Mbunge wa kamati akisoma atafikiri tatizo ni Hazina.

Na fedha iliyopo benki tarehe 30 Juni, ile bakaa tunayogombania? Chukulia salio ni milioni 900. Ndani yake kuna amana za watu, kuna fedha za wakandarasi tulizozizuia mpaka muda wa matazamio, ule wa kuangalia kama jengo lina kasoro, uishe, kuna fedha za mradi zilizoingia Mei na haziruhusiwi kununua hata kalamu nje ya mradi. Ukishatoa hizo unaweza kukuta ya halmashauri yenyewe ni ya kulipa posho za kikao kimoja. Maelezo ya jambo hilo yapo kwenye kitabu, nyuma kabisa, kwenye kurasa wahasibu wanazoziita noti. Hakuna diwani anayefika huko. Nami nilikuwa sifiki.

Niseme na kuhusu hati za ukaguzi, maana naona mabango. Halmashauri ikipata hati safi tunatundika kitambaa getini na kukata keki. Hati inayoridhisha maana yake mkaguzi ameona hesabu zimeandikwa ipasavyo, kwa mambo yenye uzito. Haisemi kwamba fedha zilitumika vizuri, wala kwamba zahanati ina dawa. Dawa zikiisha muda na ukaandika vizuri kwamba zimeisha muda, hati inaweza kuwa safi kabisa. Wananchi wetu wanasoma bango wakidhani mkaguzi amesema hakuna tatizo, halafu mwezi wa nne ripoti ya CAG inasomwa bungeni, wanasikia mengine, wanasema wakubwa wanafichiana. Tungeeleza tangu getini tusingefika huko.

Sasa mtaniambia mafunzo yapo. Yapo, nimehudhuria. Siku tatu, ukumbi wa hoteli, watu sitini, mwezeshaji mzuri tu anaeleza ukutani upande wa kushoto na upande wa kulia wa leja. Mfano wake ulikuwa kampuni inayouza viti. Hakuna aliyetuletea kitabu cha hesabu cha halmashauri yetu wenyewe. Siku ya tatu tulijaza fomu za posho, na hizo tulizielewa zote.

Ninachoomba hakihitaji hoteli. Mwezi Agosti, rasimu ikiwa bado ya penseli, mweka hazina akae na kila mkuu wa divisheni na kitengo kwa saa mbili, ofisini, juu ya tarakimu zinazomhusu yeye tu. Mganga aone dawa, madeni na vifaa vyake. Afisa elimu aone vya kwake. Mwanasheria aone kesi zilizopo mahakamani na kiasi halmashauri inachoweza kuja kudaiwa, badala ya kuulizwa kwa ujumbe wa simu siku moja kabla ya kuwasilisha. Kila mmoja aandike kwa mkono wake sababu ya tofauti kwenye fungu lake, na aweke sahihi. Nawaahidi droo zitafunguka, kwa sababu ni vigumu kusaini chini ya namba ambayo unajua ina uongo wako ndani.

Pili, muhtasari wa Kiswahili. CAG mwenyewe anatoa ripoti zake kwa Kiswahili na watu wanazisoma. Kitabu kibaki na lugha yake ya kitaalamu kama lazima, lakini baraza la madiwani linaendeshwa kwa Kiswahili, kamati za vituo zinaendeshwa kwa Kiswahili, na huwezi kumwomba mtu apitishe kitu asichoweza kukisoma. Kurasa nne zinatosha: tuna nini, tunadaiwa nini, kilichoingia na kutoka, na kwa nini bajeti haikufanana na kilichotokea. Ziada ikiwepo, mstari mmoja uonyeshe imekaa kwenye jengo gani.

Na pale mtu anapohamishwa, makabidhiano yawe na namba. Mimi nilipokea kituo kwa kukabidhiwa funguo, mhuri na orodha ya watumishi. Hoja tatu za ukaguzi za miaka ya nyuma nilizikuta baadaye, kwenye faili lililokuwa chini ya kompyuta kuinulia kioo.

Wahasibu siwalaumu. Kwetu mhasibu msaidizi mmoja anahudumia zahanati kadhaa, anazifikia kwa pikipiki, na Agosti yote halali. Ndiyo maana nasema kazi ya kumsaidia ianze kwetu, mapema, ili Septemba isiwe ya kubahatisha.

Yule diwani wa duka la pembejeo amenisimamisha sokoni mara mbili kuulizia jibu lake. Nimeshaliandika, nusu ukurasa, Kiswahili, lina mfano wa milioni 500 na paa la jirani. Mweka hazina amelipitia na kurekebisha sehemu moja. Lipo mezani kwa Mkurugenzi tangu wiki ya juzi, linasubiri sahihi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mganga mfawidhi wa zamani